Koti Lililorudi kwa Aliyelishona

Wewe unayenisikiliza, kwanza nikutoe wasiwasi: sikupeleki mahakamani. Habari hii ina mwizi, ina aliyeibiwa, na ina ushahidi wa kutosha kumfunga mtu, lakini haina hakimu. Ina benchi tu. Kaa vizuri basi, na ukiona nimeeleza jambo mara mbili, unisamehe. Mimi ni fundi wa nguo, na mshono uliopita mara moja siuamini mpaka leo.

Miaka ile ya hamsini na kitu cherehani yangu ilikuwa kwenye baraza ya duka la Mhindi mmoja mjini Thika. Baba yangu alitoka upande mmoja wa nchi na mama upande mwingine kabisa, tukazaliwa Waislamu wa mtaa wa Majengo, watu ambao ukituuliza kabila tunaanza kwa kukohoa. Jambo hilo lilinipa kazi ya pili nisiyoitafuta. Kwa sababu sikuwa wa upande wa mtu yeyote, watu waliniletea ugomvi wao pamoja na suruali zao. Aliyegombana na shemeji yake, aliyevunjiwa chungu, aliyelishiwa mahindi na mbuzi wa mwenzake, wote walijua kwamba fundi wa baraza ile hana ndugu wa kumpendelea.

Nilikuwa na utaratibu wangu, na nitakueleza sababu yake ili usidhani ni uchawi. Wanaogombana niliwaketisha kwenye benchi moja, upande mmoja, wote wakitazama barabara. Watu wakikaa wakitazamana, kila mmoja hushughulika na uso wa mwenzake: umenikunjia uso, umenibetulia midomo, unanicheka. Wakitazama barabara, hawana cha kugombania ila lori linalopita. Kisha hakuna aliyeruhusiwa kumwambia mwenzake neno moja kwa moja. Aliniambia mimi, nami nilimwomba yule mwingine arudie alichosikia, mpaka mwenye maneno akubali kwamba ndiyo, hivyo ndivyo nilivyosema. Hapo tu ndipo jibu liliporuhusiwa. Huchosha, lakini mtu anayelazimika kurudia maneno ya mwenzake hana nafasi ya kupanga matusi yake.

Sasa tuje kwenye koti.

Adhuhuri ya Jumamosi moja alikuja kijana aliyekuwa akifanya kazi kwenye mashamba ya mkonge upande wa Kalimoni. Ungemjua kwa mikono yake, ilikuwa na mikwaruzo mpaka kiwikoni. Alikuwa mwembamba, mrefu, na amebeba kitu kilichofungwa kwenye gunia.

"Fundi, nipunguzie hii koti. Mabega na tumbo."

Nikamvalisha, nikaanza kulibana kwa pini. Koti zito, rangi ya majivu, vifungo vya pembe. Kijana alikuwa amepotea ndani yake.

"Hili koti ni la nani?"

"Ya baba yangu. Aliniachia."

"Alikuwa mtu mnene."

"Sana."

"Pole. Alifariki lini?"

"Kitambo, fundi. Mimi nikiwa mdogo."

Nikafunua bitana pale kwapani. Mimi nina tabia ambayo mke wangu huiita uchoyo: uzi unaobaki kwenye kigurudumu siutupi, naumalizia kwapani, mahali asipochungulia mtu. Pale kwapani palikuwa na uzi wa kijani kibichi, uliobaki kwenye sare za shule moja. Nikauangalia, nikamwangalia kijana.

"Basi baba yako ni mtu wa ajabu," nikamwambia. "Alifariki wewe ukiwa mdogo, na kabla ya mvua hizi akaja hapa kupimwa. Alikaa pale kwenye benchi akanywa chai yangu vikombe viwili, akalalamika haina sukari."

Sijawahi kumwona mtu akiganda namna ile. Kukimbia hakuweza, maana nilikuwa nimemzungushia pini kuanzia kwapa hadi kiunoni, na kila alipovuta pumzi kubwa moja ilimkumbusha kwamba ipo. Kukaa hakuweza pia. Alisimama mikono imetanuka kama nguo iliyotundikwa.

"Fundi, usiite askari."

"Askari nitamwita nikiwa na mdomo uliojaa pini? Tulia kwanza nikutoe humo."

Nilimchomoa pini moja moja, taratibu, na kila pini ilitoka na kipande cha habari. Koti alilichukua Ruiru, kwenye kamba, limeanikwa lipate hewa. Alikuwa amechumbia msichana wa Mugutha, na alikuwa ameitwa na wazazi wa msichana aende kujulikana. Hakuwa na baba kweli, hapo hakudanganya. Hakuwa na mjomba wa kumsindikiza wala nguo ya kuvaa. Aliona Thika ni mbali na Ruiru, akadhani huku hakuna atakayelijua koti lile. Katika mafundi wote wa Thika, akamchagua aliyelishona.

"Mungu amekuonea," nikamwambia. "Sasa nisikilize vizuri. Koti halitoki hapa. Wewe unaweza kutoka. Ukitaka kukimbia, kimbia, na mwenye koti akiniuliza nitamwambia ninachokijua. Ukitaka kuja hapa Jumamosi ijayo kukaa naye na kumsikiliza, nitakaa katikati yenu. Siwezi kukuahidi kwamba hatakupeleka polisi. Hiyo ni haki yake, siwezi kumpokonya. Ninachoweza kukuahidi ni kwamba utasikilizwa mpaka mwisho."

Elewa kilichokuwa kikimkabili. Hali ya hatari, ile amri ya serikali ya wakoloni, ilikuwa imelegea lakini haijaondoka. Mtu bado alihitaji pasi, yaani karatasi ya ruhusa, kwenda hatua chache kutoka kwake. Kijana wa mkonge akipatikana na mali ya wizi, kwanza jela, halafu kazi imekwisha na mahali pa kulala pamekwisha nayo. Na wazazi wa Mugutha wasingempa binti mtu aliyetoka kifungoni. Maisha yake yote yalikuwa yametundikwa kwenye koti la mtu mwingine.

"Nitakuja," akasema. Akaondoka bila gunia lake.

Kesho yake, Jumapili, nikapanda gari la moshi hadi Ruiru kumwona mwenye koti. Mzee huyu alikuwa mzee wa kanisa, mkubwa wa sauti na wa tumbo, na alipenda koti lile kuliko inavyompasa mtu anayeimba kwamba dunia si makao yake. Aliishi katika vile vijiji walimokusanywa watu wakati wa hatari, nyumba zimebanana hata ukikohoa jirani anakupa pole. Nilimkuta uani amevaa kofia. Ng'ambo ya ua mtu alikuwa akipasua kuni kwa nguvu zisizo za kawaida.

"Unamsikia huyo?" mzee akaninong'oneza, kwa mnong'ono uliofika ng'ambo bila shida. "Huyo ndiye mwizi wa koti yangu."

Shoka likapiga. Twaa!

"Umejuaje?"

"Ai, fundi! Siku ile niliyoivaa mara ya kwanza aliishika hapa kifuani, akaniambia, 'Wee, hii koti ikikuchoka, unijulishe.' Mtu anaulizia koti ya mwenzake hivyo? Wiki haikwisha, koti haiko. Nami nikasema kanisani, wakati wa matangazo: anayependa kusifu koti za watu, arudishe aliyoisifu."

"Ukamtaja jina?"

"Sikumtaja. Nilimwangalia tu."

Twaa!

Alipovua kofia kujikuna nikaona kichwa chake. Nywele zilikuwa zimenyolewa upande mmoja mpaka ngozi, na upande wa pili zimebaki mashada mashada, kama shamba lililolimwa na watu waliokosana. Nikamuuliza kulikoni. Kumbe yeye na jirani yule walinyoana kila Jumamosi tangu ujana wao, mmoja akimshika mwenzake kichwa kwa wembe. Sasa kila mtu alijinyoa mwenyewe, bila kioo.

"Mzee," nikasema, "koti limepatikana. Liko kwangu. Na hakulichukua jirani yako."

Ungetegemea afurahi. Alinitazama kama mtu aliyepokonywa kitu kwa mara ya pili.

"Labda walishirikiana," akasema.

"Hawajuani."

"Basi huyo mwingine afungwe! Nakuja Jumamosi na rungu."

"Njoo nalo. Ila utaliacha kwa mke wangu kabla ya kukaa, na utakuja bila askari. Ukimsikiliza, na ukaona bado unataka polisi, kituo hakitahama."

Akakubali, nadhani kwa hamu ya kumwona mtu mwenyewe. Pasi aliombea safari ya kwenda kwa fundi wake, jambo ambalo lilikuwa kweli tupu.

Jumamosi kijana alifika mapema mno. Alikuwa ameoga, mikwaruzo ikang'aa kwa mafuta. Mzee alishuka kwenye gari la moshi na kofia yake na rungu lake. Mke wangu akalipokea rungu kwa adabu zote, "Karibu mzee, nikuwekee hili," akaenda kuegemezea mlango wa jikoni ambao siku zote ulikuwa unajifunga wenyewe. Mlango ule haukuwahi kutulia vizuri kama siku hiyo.

Wakakaa, wakatazama barabara. Mimi nikakaa kwenye kiti cha cherehani, nikaendelea kushona pindo ili wasione kwamba nawatazama.

Mzee akaanza kwa Kikuyu, haraka, kama mvua ya mawe.

"Kiswahili, mzee," nikamwambia. "Kiswahili, ili nami nipate kukasirika."

Akavuta pumzi. Kijana alijikaza kusubiri matusi. Mimi mwenyewe nilitegemea matusi. Hapa ndipo watu wengi hukosea: hudhani aliyekosewa anataka adhabu kwanza. Hutaja adhabu kwa sababu ndilo neno lililo karibu. Mteja naye huniambia koti linambana bega, nami nikilikagua nakuta linambana kwapani. Sibishani naye. Namwambia ainue mkono, nangoja.

"Mzee, unataka kujua nini kwa huyu kijana?"

Lori la mawe likapita.

"Muulize," akasema hatimaye, "kwa nini koti yangu? Kwa jirani pia kulikuwa na koti kwenye kamba. Kwa nini akaruka yake akachukua yangu?"

"Kijana, umesikia nini?"

"Anauliza kwa nini sikuchukua ya jirani."

"Ndivyo, mzee?"

"Ndivyo."

"Jibu sasa."

Kijana akatazama vidole vyake. "Ya jirani ilikuwa na kiraka."

Mzee alijitahidi. Nilimwona akibana midomo, lakini furaha ilimtoka kwenye mashavu. Mtu ameibiwa, amepoteza usingizi, na bado anafurahi kusikia kwamba mwizi ana jicho zuri.

"Tena," kijana akaendelea, na sauti yake ikabadilika, "nilikuwa nimemwona mzee ameivaa. Nilipita Ruiru Jumapili moja, watu walikuwa wamesimama nje ya kanisa wakibishana. Mzee akaanza kuongea, wote wakanyamaza. Nikasema, mimi nikiwa na koti kama hiyo, wale watu wa Mugutha watanisikiliza. Mimi nikiongea hakuna mtu hunyamaza. Nilidhani ni koti."

Mimi niliyelishona ningependa kukubaliana naye. Nilinyamaza kwa sababu ya kazi tu.

"Mzee, umesikia nini?"

Akarudia, polepole, sauti imeshuka. Alipofika pale pa watu kunyamaza alikohoa, akalirudia neno lile mara ya pili bila kuombwa. Kisha nikamwuliza kijana naye ana lipi la kutaka kujua.

"Nataka kujua nimemfanyia nini. Zaidi ya koti."

Swali hilo sikumfundisha. Mzee akavua kofia. Kijana akageuka, akakiona kichwa, akageuza macho barabarani upesi sana.

"Mwambie," mzee akasema, "siku niliyokuta kamba haina kitu, niliona kila mtu mwizi. Nikamchagua mmoja. Mtu tumetoka mbali pamoja, tumechunga pamoja, tumetahiriwa siku moja. Nikamwaibisha mbele ya kanisa zima. Sasa akipita hanisalimii, nami simsalimii. Mke wake na mke wangu wanasalimiana kwa siri kisimani kama wezi. Haya, arudie."

"Anasema," kijana akaanza, "kwamba alipoteza koti, ikawa..."

"Aca!" Mzee akakataa kwa Kikuyu, akapiga benchi. "Sikusema hivyo! Koti si iko hapo, inaning'inia? Mimi nilipoteza mtu. Koti nimeipata. Mtu sijampata. Rudia!"

Kijana akarudia. Ilibidi ajaribu mara kadhaa, maana kila alipofika kwa yule jirani alianza upya. Mke wangu akaleta chai wakati huo, na mtu asikwambie kwamba chai haina kazi katika mambo haya. Humpa mtu kitu cha kutazama machozi yakimtoka.

"Mimi ndiye niliiba," kijana akasema alipoweza. "Nitaenda nimwambie huyo jirani. Nimwambie ni mimi, si yeye."

"Vizuri sana!" mzee akasema, upesi mno. "Aende. Fundi, umpeleke. Mimi nitangoja nyumbani."

"Utangoja nyumbani?"

"Si yeye ndiye mwizi?"

Nikaendelea kushona. Kijana ndiye aliyesema, kwa heshima, macho barabarani:

"Baba, mimi nitasema yangu. Yako nitaisemaje?"

Wewe unayesikiliza, haya hutokea mara nyingi kuliko unavyodhani. Mtu anakuja kupokea msamaha, anakaa, anapewa, halafu anagundua kwamba naye ana mmoja anaodaiwa mahali fulani. Usimcheke. Au mcheke kidogo tu, kama nilivyofanya mimi nyuma ya kitambaa. Mzee alikunywa chai mpaka majani, akalalamika haina sukari, akasema, "Haya. Kesho, baada ya kanisa."

Lakini usidhani hatari ya kijana ilikuwa imekwisha. Ilikuwa imeongezeka. Kijiji kile kilikuwa na hedimani aliyekisimamia kwa niaba ya serikali, na nyumba yake ilikuwa hapo karibu. Mgeni aliyeiba kijijini, akirudi kwa miguu yake mwenyewe, sauti moja tu ya jirani mwenye hasira ingetosha. Nilimweleza kijana hivyo, sikumficha. Nilimwambia anaweza kukataa. Akasema atakuja, ila akaniomba nikae karibu na mlango wa ua. Nikamwambia mimi si wa kuzuia mtu, nina mikono ya kushika sindano. Akasema anajua, anataka tu aone mtu amekaa.

Kesho yake, huko Ruiru, jirani tulimkuta akipukuchua mahindi juu ya benchi fupi. Alikuwa mtu mdogo, mkavu, na kichwa chake, ee Mungu wangu, kilikuwa kibaya kuliko cha mzee. Benchi halikutosha watatu ila kwa kubanana. Kijana akawekwa katikati, akabanwa na tumbo la mzee upande huu na kiwiko cha jirani upande ule. Hapakuwa na barabara ya kutazama, basi nikawaambia watazame mgomba.

Nilimweleza jirani utaratibu. Akaendelea kupukuchua.

Kijana akasema yake yote, tangu kamba hadi pini. Hakulia safari hii. Akamaliza: "Ni mimi. Wewe hukuhusika. Naomba unisamehe kwa aibu uliyopata kwa ajili yangu."

Jirani akarudia kila neno, vizuri kuliko mtu yeyote niliyewahi kumsikia. Alikuwa na masikio. Kisha akasema:

"Fundi, huyu nimemsikia. Sasa muulize huyu mnene. Siku ile kanisani, aliponiangalia, alikuwa anaamini ni mimi? Ama alikuwa na hasira tu, mimi nikawa karibu?"

Mzee akarudia swali. Kisha akamtazama kuku akipita benchi zima na kurudi.

"Siku ile niliamini," akasema. "Baadaye sikuamini tena. Lakini nilikuwa nimeshasema mbele ya watu. Niliona haya kugeuka."

"Uliona haya," jirani akarudia.

"Ndiyo."

"Wewe, mzee wa kanisa, na hiyo sauti yote."

"Ndiyo, nimesema! Unataka niseme mara ngapi?"

"Ulivyosema kwanza. Kwa sauti ile ile, mahali pale pale, wakati wa matangazo. Hiyo ndiyo nataka."

Haikuwa rahisi, nakuhakikishia. Mzee alianza kusema kwamba matangazo yana utaratibu wake, kwamba mhubiri ataona vibaya, kwamba angeweza kulisema kisimani. Jirani akapukuchua. Mwishowe mzee akasema, "Jumapili ijayo," na jirani akamwambia arudie, naye akarudia.

Ikabaki habari ya kijana. Sauti ya hedimani ilisikika nyuma ya nyumba akimkaripia mtu, na bega la kijana likaanza kutetemeka hata benchi likatetemeka nalo. Jirani alilihisi. Akaweka gunzi chini.

"Nikimwita hedimani sasa," akaniambia mimi, kama utaratibu unavyotaka, "huyu atafungwa. Mimi nitapata nini? Nitakaa na huyu mnene hapa, tukisema tumemfunga mtoto wa watu aliyekuja mwenyewe kwa miguu yake. Nami bado sijasahau. Aca. Amwambie mkwe wake huko Mugutha alichofanya, kabla ya kuolewa kwa binti. Wasije wakasikia kwa wengine."

Hilo lilikuwa gumu kuliko jela, nadhani. Kijana akarudia maneno yale, akasema atafanya, kisha akasema kwa sauti ndogo kwamba hajui ataanzaje, hana mtu wa kumtanguliza, na yeye akiongea hakuna anayenyamaza.

Wazee wale wawili walitazamana juu ya kichwa chake, kinyume na utaratibu wangu wote.

"Nitamsemea mimi," mzee akasema. "Nina koti."

"Wewe utamsemea? Utaanza kwa kumshtaki!" Jirani sasa alikuwa akimwambia moja kwa moja, na sikumzuia. "Nitaenda mimi."

"Na hiyo kiraka?"

"Kiraka haijawahi kusingizia mtu!"

Walibishana hivyo mpaka mke wa jirani akatoka ndani kuona nani anapigana. Mimi nilikaa pale mlangoni pa ua. Kazi yangu ilikuwa imekwisha, na hakuna aliyenikumbuka wala kunipa kikombe cha uji. Ukiona umesahauliwa namna hiyo, jua umefanya vizuri.

Walikwenda naye Mugutha wote wawili. Mzee alikuwa amekwisha kusema yake kanisani kwanza, na walionisimulia walisema alisema kwa sauti iliyofika barabarani, jirani akiwa amesimama wima ili kila mtu amwone. Huko Mugutha kijana alieleza mwenyewe habari ya koti, wazee wakiwa kushoto na kulia kwake. Baba wa binti alikasirika sana, akawaambia warudi baada ya mavuno, atafikiri. Hakusema ndiyo. Hakusema hapana pia. Kijana alirudi kwenye mkonge, akangoja, na baada ya mavuno akaitwa tena. Binti mwenyewe, nilipokuja kumshonea gauni, aliniambia aliyemshawishi baba yake ni yeye. Alimwambia mtu anayeweza kusema aibu yake mbele ya wakwe hatakuwa mgumu kuishi naye. Sijui kama hilo ni kweli kwa wanaume wote. Kwa huyo lilikuwa kweli, walau kwa miaka niliyowajua.

Siku moja nawe utaombwa ukae katikati ya watu wawili, hata kama ni watoto wako wamegombania kijiko. Usianze na adhabu, wala usimsukume mtu aombe msamaha upesi. Muulize kwanza aliyekosewa, "Unataka kujua nini?" Kisha funga mdomo wako mpaka amalize.